Kulipwa kwa Kuuliza

(Hotuba kwa wanachuo wa mwaka wa mwisho, Mtwara mjini)

Ndugu mwenyekiti, walezi wa wanachuo, wakubwa zangu mlioketi mbele, shikamooni. Nanyi wadogo zangu wa mwaka wa mwisho, habari za mchana na poleni kwa joto.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie siri za mafanikio. Niliomba nibadilishiwe mada, na mwenyekiti kwa hisani yake akakubali. Nitazungumzia kazi ninayoifanya, ya kushauri na kukagua kampuni za watu, kwa sababu kila nikija nyumbani Chikongola majirani huniuliza, "Hivi wewe mwanetu Dar unafanya kazi gani hasa?" Nikisema mshauri mwelekezi, wanaitikia kwa adabu, halafu wanamfuata mama jikoni kumuuliza ndiyo kitu gani. Mama huwajibu kwamba niko benki. Sijawahi kuajiriwa na benki yoyote.

Kampuni yangu sitaitaja, na wateja wake sitawataja. Hilo lenyewe ni somo la kwanza. Siku ya kwanza kazini unasaini karatasi ya kutunza siri kabla hujaonyeshwa choo kiko wapi. Unaweza kukaa miezi kwa mteja, ukajua mshahara wa mkurugenzi na madeni ya kiwanda, na nyumbani ukiulizwa ulikuwa wapi, jibu ni "safari ya kikazi". Ukipangwa kwenye timu ya ukaguzi, mambo yanabana zaidi: huruhusiwi kumiliki hisa za kampuni unayoikagua, na hata zawadi ya kanga kutoka kwa mhasibu wake unaitolea taarifa. Kuna vijana wazuri tu walioshindwa kazi hii kwa sababu ya mdomo, wala si kwa sababu ya hesabu.

Kazi yenyewe si ngeni duniani. William Welch Deloitte alifungua ofisi yake ya uhasibu London mwaka 1845, enzi ambazo kampuni za reli zilikuwa zikikusanya pesa za watu, na wenye hisa wakitaka mtu wa nje awahakikishie kwamba vitabu havidanganyi. James McKinsey, mwalimu wa uhasibu Chuo Kikuu cha Chicago, alianzisha ya kwake mwaka 1926, na hiyo ikajikita katika kuwashauri wakubwa wa makampuni namna ya kuyaendesha. Leo zile nne kubwa zilizokulia kwenye ukaguzi, yaani Deloitte, PwC, EY na KPMG, zote zina ofisi Dar es Salaam, na Deloitte peke yake ina watu zaidi ya laki nne duniani. Kwenye ushauri wa mikakati majina makubwa ni McKinsey, BCG na Bain. Historia hiyo inatosha, haitatoka kwenye mtihani.

Tunachouza ni saa. Hakuna korosho, hakuna saruji, hakuna gesi. Kila saa yangu ya kazi ina mteja wake, na kila wiki najaza taimshiti: asubuhi hii nilikuwa kwa fulani, mchana kwa fulani, saa mbili zile zilikuwa za mafunzo na hazina wa kuzilipia. Anayetoka chuoni akidhani taimshiti ni karatasi ya utawala tu anashtuka, kwa sababu ndiyo inayotazamwa wakati wa kupandishwa cheo. Ni kama hesabu ya tajiri kwenye daladala. Dereva anaweza kuwa mpole, anaweza kujua njia zote za mji, lakini jioni swali ni moja: hesabu imetimia? Asiye na mradi tunasema yuko benchi, na benchi mwanzoni ni tamu, unasoma, unakunywa chai. Ukizidisha hapo, watu wanaanza kukusalimia kwa huruma.

Kuna jambo jingine kwenye hizo saa ambalo wakubwa wangu hawatafurahi nikilisema, lakini nalisema. Mradi huuzwa kwa bei iliyokatwa. Meneja aliomba siku arobaini, mteja akalipia thelathini, na kazi haikupungua hata kidogo. Zile siku kumi zitatoka wapi? Zinatoka kwenye usingizi wa yule aliyeajiriwa juzi. Anafanya kazi mpaka saa saba usiku, kwenye taimshiti anaandika saa nane za mchana tu, ili mradi usionekane umekula hasara. Saa nyingine anazimeza mwenyewe. Hakuna anayekuamuru kufanya hivyo, na hakuna anayekuuliza mbona barua pepe zako zinaingia usiku wa manane. Ushauri wangu kwenu: andikeni saa zote. Meneja akinuna, anune. Asipojua kazi ilichukua muda gani, mwaka ujao atauza vilevile kwa siku thelathini, na atakayeumia ni mdogo wako aliyeko nyuma ya darasa hili.

Mbona sasa watu wanalipa? Hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nimekula mkate kwa methali hiyo kwa miaka kadhaa, na nimegundua kwamba mara nyingi dawa mgeni anaikuta mle mle ndani ya nyumba. Nitawapa mfano mmoja, na nimeuficha vya kutosha.

Kiwanda cha kukamua mafuta ya alizeti, mikoa ya kati. Mwenye mali analia: mbegu anazonunua kwa mwaka hazilingani na mafuta yanayotoka. Zinapungua. Anadhani wizi uko kwenye mashine, au kwenye matangi, au kwa mhasibu. Tunakwenda timu nzima na kompyuta zetu. Wiki kadhaa tunachambua: unyevu wa mbegu, kiasi cha mafuta kinachobaki kwenye mashudu, umeme unaokatika katikati ya kukamua. Jedwali letu lilikuwa refu, ukilishusha kwenye kioo halifiki mwisho. Na bado upungufu haukuelezeka.

Siku moja nimekaa getini kwenye kibanda cha mizani nasubiri gari la kunirudisha mjini. Karani wa mizani ni mama wa makamo, ana leso kichwani na daftari la kaunta lililofungwa kwa raba. Nikamwamkia, akaniitikia, akanipisha kwenye kivuli. Lori likaingia limejaa magunia, likapanda mizani. Dereva ndani, matingo wawili juu ya magunia, madumu ya maji yamefungwa pembeni, matairi ya akiba mawili. Akaandika. Baadaye lori lile lile likarudi tupu, likapanda mizani tena. Dereva peke yake. Matingo wamekwenda kununua chapati. Madumu hayapo, tairi moja halipo. Karani akatoa uzito mdogo kwenye mkubwa, na tofauti ikawa ndiyo "mbegu zilizopokelewa". Tajiri kalipia matingo, kalipia maji, kalipia tairi, kwa bei ya alizeti.

Nikamuuliza, "Mama, hili huwa hivi kila siku?" Akafungua daftari. Alikuwa ameandika pembeni kwa kalamu ya risasi, lori kwa lori, nani alishuka na nini kilishushwa. Kurasa na kurasa. Nikamuuliza kama aliwahi kumwambia mtu. Akasema, "Nimemwambia bosi tangu mavuno ya mwaka juzi, mwanangu. Aliniambia nishughulike na kupima."

Basi, zile kurasa zikawa moyo wa ripoti yetu. Mjadala ukazuka kwenye timu kuhusu slaidi. Mimi nilitaka pale chini iandikwe kwamba takwimu zimetoka idara ya mizani. Mbia wetu, yaani mmoja wa wenye kampuni, akasema mteja hakutoa pesa yote ile kusoma kazi ya karani wake. Tukavutana, mwisho tukakubaliana kwamba karani aitwe kwenye kikao aeleze mwenyewe. Akaja na daftari lake, akaeleza kwa dakika chache, na wajumbe wa bodi wakawa wanaandika kila neno. Mwenye mali akamgeukia: "Mama, kwa nini hukuniambia siku zote hizi?" Naye kwa upole kabisa: "Nilikuambia, bosi." Ukumbi ulikaa kimya kidogo, mbia wetu akakohoa, akaomba twende slaidi inayofuata.

Msichukulie kwamba nasema kazi yetu ni utapeli. Siamini hivyo, la sivyo ningekuwa nimeshaacha. Yule mama alijua kwamba malori yanaiba. Hakujua kwa mwaka mzima yameiba kiasi gani, wala hakuwa na nafasi ya kuzigeuza zile alama za penseli kuwa shilingi na kuziweka mbele ya bodi kwa namna ambayo haiwezi kupuuzwa. Hiyo ndiyo kazi, na ina ujuzi wake. Lakini lazima ujue mpaka uko wapi: maarifa yalikuwa ya mama, sisi tulileta hesabu na sauti. Mshauri anayesahau hilo huanza kuamini kwamba yeye ndiye aliyejua, na siku inayofuata anakwenda kiwanda kingine hata getini hapiti.

Nyinyi watoto wa Mtwara mna bahati ya kuishi juu ya ushahidi. Gati la maji marefu pale bandarini lilijengwa kwa sababu ya ripoti ya washauri. Baada ya vita, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Mwaka 1946 wakatumwa wataalamu watatu wakiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo hapa Tanganyika. Walizunguka wiki tisa, wakaandika kwamba karanga zilimwe kwenye zaidi ya ekari milioni tatu, sehemu kubwa ikiwa nchi hii. Serikali ya London ikakubali, matrekta yakaletwa, kazi ikaanza Kongwa, ikafuata Urambo na hapa kwetu Nachingwea. Bandari ikajengwa Mtwara, barabara za mji zikapimwa pana, reli ikatandikwa kwenda Nachingwea. Kongwa mvua ikagoma, udongo ukakauka ukawa mgumu, karanga zikawa hazing'oki ardhini. Habari za mvua ya Kongwa Mgogo yeyote mwenye shamba angekupa, bure, chini ya mbuyu. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, na takriban pauni milioni 36 zilikuwa zimezama. Reli yetu ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wazee waliopo hapa wanajua tuta lilikopita.

Wiki tisa, wadogo zangu. Mimi huwa naikumbuka namba hiyo kila mteja anaponiambia anataka majibu haraka.

Na tusidhani ni habari za wakoloni peke yao. Mwaka 1972 serikali yetu wenyewe ilipoleta Madaraka Mikoani, McKinsey walikuwa washauri katika kuupanga mfumo ule. Halmashauri za kuchaguliwa zikavunjwa, kazi zake zikawekwa chini ya maofisa wa mikoa na wilaya. Miaka kumi baadaye zikatungwa sheria za 1982 za kuzirudisha. Uamuzi ulikuwa wa viongozi, hilo ni lazima tuseme kwa haki. Ila washauri walishamaliza mkataba zamani, na aliyekaa muda wote huo akisubiri zahanati yake ikarabatiwe ni mwananchi.

Ndiyo maana nawaambia, mkiingia huku, msiogope kampuni ikiwa kubwa, iogopeni inapokosea. Arthur Andersen ilikuwa mojawapo ya kampuni tano kubwa za ukaguzi duniani, na watu wapatao elfu themanini na tano. Mwaka 2002 ikatiwa hatiani Marekani kwa nyaraka zilizochanwa za Enron, kampuni ya nishati iliyofilisika ambayo wao walikuwa wakiikagua. Mahakama ya Juu ya huko ilitengua hukumu mwaka 2005, lakini kampuni ilikuwa imeshakufa, na wengi waliopoteza kazi hawakuwahi kuigusa karatasi hata moja ya Enron. Jirani zetu Afrika Kusini, McKinsey walirudisha takriban randi bilioni moja mwaka 2018 kwa kazi ya shirika la umeme, Eskom. Na mwaka 2025 Deloitte ya Australia ilirudishia serikali ya huko sehemu ya malipo, baada ya ripoti yake kukutwa na marejeo ya maandiko ambayo hayapo duniani. Programu ya akili mnemba ilikuwa imetumika kuiandaa. Nyinyi mnaoandika tasnifu usiku kwa programu hizo, najua mpo, nimewaona kwa macho mlivyocheka sasa hivi.

Kuhusu vyeo nitapita haraka. Chini mpo wengi, juu kuna wabia wachache wanaogawana faida. Kila baada ya miaka michache unapanda au unaambiwa kwa lugha ya upole utafute kwingine. Wengi huondoka, na kuondoka si aibu: ukienda mamlaka ya mapato, kampuni ya simu, wizarani, unawakuta mliokuwa nao. Mimi naona miaka mitatu mpaka mitano inamtosha mtu. Inakufundisha kuandika ukurasa mmoja ambao mtu mwenye haraka anausoma mpaka mwisho, kulipanga jedwali bila kosa, na kukaa mbele ya mtu mzima kuliko baba yako ukamwambia pesa zake zinavuja. Wasichana, jiandaeni kwa nyongeza: mtaingia kikaoni na faili la ripoti, na mtu atawaomba mlete chai. Mimi humjibu, "Mzee wangu, chai itakuja, lakini leo mimi ndiye msomaji wa ripoti." Anacheka, tunaendelea.

Kuna kijana ameniuliza pale nje kama mtu wa kusini ana nafasi, kwa sababu usaili ni wa Kiingereza na waliosoma shule za gharama Dar wanatema maneno. Kiingereza kifanyeni mazoezi, sitawadanganya. Lakini sehemu ngumu ya usaili haiko kwenye matamshi. Utaulizwa swali kama hili: bodaboda za Mtwara mjini zinatumia lita ngapi za petroli kwa siku? Anayekuuliza hajui jibu, wala hana haja nalo. Anataka kusikia unavyofikiri. Unaanza: mji tuseme una watu laki moja na nusu. Tuseme mmoja kati ya kumi hupanda boda kwa siku, kwenda na kurudi, hizo ni safari elfu thelathini. Safari moja tuseme kilomita tatu, jumla kilomita elfu tisini. Ongeza theluthi kwa kuzunguka bila abiria, zinakuwa laki moja na ishirini elfu. Pikipiki tuseme inakwenda kilomita arobaini kwa lita. Lita elfu tatu. Halafu, na hapa ndipo wengi huishia njiani, unajihoji mwenyewe: mbona msimu wa minada ya korosho pesa ikiingia mitaani boda zinajaa, na masika zinapungua? Kijana aliyekulia Magomeni ya hapa Mtwara au Mikindani akiongeza hilo, aliyekulia Masaki kule Dar hana la kusema.

Nanyi mnajua mengi ya namna hiyo. Mnajua kangomba, yule mlanguzi wa korosho, anavyoingia kwa mkulima kabla ya msimu na bakuli lake, na kwa nini mkulima anakubali. Mnajua mfumo wa stakabadhi ghalani unavyotakiwa kwenda, tangu gunia lipimwe chama cha msingi mpaka pesa iingie akaunti, na mnajua unakokwama. Nimesoma ripoti nyingi kuhusu korosho, zenye picha nzuri, ambazo mwandishi wake ungemkalisha ghalani Masasi asubuhi moja tu angezifuta nusu.

Na msidhani kazi ya ushauri lazima iwe ghorofani Dar. Vyama vya msingi vya mikoa hii miwili, Mtwara na Lindi, vinahitaji watu wa vitabu. COASCO, shirika la serikali, inakagua vyama vya ushirika, lakini mkaguzi anapofika na kukuta stakabadhi zimefungwa kwenye mfuko wa salfa, kuna kazi ambayo ilitakiwa ifanywe na mtu kabla yake. Wawili watatu kati yenu mkisajili ofisi ndogo hapa, mkaanza na vyama vichache, mkasoma mitihani ya bodi ya wahasibu jioni, sioni kwa nini msile vizuri.

Swali la mshahara najua linakuja, acheni nilijibu kabisa ili tusipoteze muda. Wa kuanzia ni wa kawaida, msije mkakopa gari. Kodi ya chumba Dar, nauli na nguo za ofisini vitaumaliza. Unapanda haraka ukipandishwa cheo, na baadhi ya kampuni hukulipia ada za mitihani ya CPA, ile ile ya bodi ya wahasibu, hilo ulizeni kabla ya kusaini.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Chai iko tayari nje. Waliokuja na wasifu wao wa kuombea kazi wabaki baadaye, tutaupitia mmoja mmoja kwa kalamu nyekundu. Na kila aliyeandika kwamba anapenda kusoma na kusafiri, aanze kufikiria sasa hivi, maana nitamuuliza amesoma nini na amesafiri wapi.